Mwanamvua si mtoto wa mvua

Shangazi yangu ana jina moja, lakini karatasi zake zina majina manne. Kadi yake ya zamani ya kliniki inasema Mwamvua. Daftari la chama cha msingi anakouzia korosho linasema Mwanamvuwa, na w yake. Kadi ya kupigia kura imepatia: Mwanamvua. Na mwaka jana, katika ofisi moja mjini Lindi, alitoka na karatasi inayomtaja kuwa Mwana Mvua. Mwana likawa jina la kwanza, Mvua likawa jina la baba. Babu Selemani aliyemzaa hakuonekana popote.

Mimi ndiye niliyemsindikiza. Kijana wa dirishani alimwuliza kwa adabu, "Bibi, jina la kwanza ni Mwana, siyo?" Shangazi akamjibu, "Jina langu moja, mjukuu wangu. Mwanamvua binti Selemani." Kijana akaandika alivyosikia. Huku kwenye benchi watu wakalishika jina. Mama mmoja akasema maana yake ni mtoto wa mvua. Mzee aliyekaa pembeni akasema hapana, ni mtu aliyezaliwa mvua ikinyesha. Binti mmoja wa shule akacheka, akasema darasani kwao yupo Mwamvua, nao wanamwita Mwamvuli.

Tulipokuwa tunangoja kivuko cha kurudi Kitunda, shangazi akanigeukia. "Wewe si mwalimu wa Kiswahili? Haya, jina langu maana yake nini?" Nikamjibu haraka, sawasawa na yule mzee. Akatikisa kichwa. "Mamangu aliniambia mwana si mtoto. Mwana ni mkubwa."

Bibi yangu hakukanyaga darasa, lakini katika hili alikuwa na haki, na mimi nilikosea. Hapa nataka kumlipa shangazi jibu nililomnyima pale kivukoni.

Waliosoma Kiswahili shuleni wanalijua neno mwana kwa upande mmoja tu. Mwanafunzi, mwananchi, mwanachama, mwanasheria, mwanahabari: hapo mwana ni mtu wa jambo fulani, aliye wa kitu hicho, kama mtoto alivyo wa mzazi. Ukishazoea maneno hayo, ukikutana na Mwanahamisi unamwona mtoto wa Hamisi, na ukikutana na Mwanamvua unamwona mtoto wa mvua. Ni usomaji wa kawaida kabisa. Lakini majina yenyewe yanaukataa, na unaweza kuyapima bila kamusi.

Pima kwanza kwa jinsia. Mwana kwa maana ya mtoto halibagui: mwanangu ni wa kiume au wa kike. Kama Mwanahamisi lingekuwa mtoto wa Hamisi, au mtoto wa Alhamisi, tungekuwa na wanaume wengi wa jina hilo. Hawapo. Katika pwani yote ya Waswahili, kina Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanahawa na Mwanaheri ni wanawake. Mwanamume aliyezaliwa Alhamisi ni Hamisi basi, bila mwana.

Pima kisha kwa wingi. Mwananchi mmoja, wananchi kumi. Sasa waite kina shangazi wawili wenye jina moja. Hakuna Mswahili atakayesema Wanamvua wamefika. Atasema kina Mwanamvua wamefika.

Kipimo cha tatu ndicho kilichonimaliza. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mwanamke aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi wa wosia. Mwanamke huyo ni Mwana Kupona binti Msham, na binti aliyeusiwa ni Mwana Hashima. Tazama jina la mama: binti Msham. Baba yake ametajwa, naye ni Msham. Basi kama mwana hapo maana yake ni mtoto, huyo Kupona ni nani? Hakuna mzazi aliyeitwa Kupona. Kupona ndilo jina lake yeye, na Mwana ni heshima iliyotangulizwa mbele yake, kama vile mumewe, mtawala wa Siyu, alivyoitwa Bwana Mataka. Mama ni Mwana, binti ni Mwana, kwa kuwa wote wawili ni wanawake wa heshima.

Hilo ndilo neno la bibi yangu. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mwana alikuwa mwanamke mwenye nyumba, bibi mwenye hadhi yake. Wanaume nao walikuwa na maneno yao ya namna hiyo. Moja ni Bwana, ndiyo maana kuna Bwanaheri na kuna Mwanaheri. Jingine ni Mwinyi, umbo la zamani la mwenye, yaani mwenye mji, mwenye mamlaka. Watawala wa asili wa Unguja waliitwa Mwinyi Mkuu, na sote tunalijua neno hilo kupitia jina la rais wetu wa pili, Ali Hassan Mwinyi. Mwinyi likatangulizwa kwenye majina kama mwana lilivyotangulizwa: Mwinyijuma, ambalo midomo imelifupisha kuwa Mwinjuma, Mwinyishehe, ambalo limekuwa Mwinshehe. Na lipo Mwinyimvua.

Nilipoliona Mwinyimvua likiwa limekaa kando ya Mwanamvua, fundo likafunguka. Haya ni majina pacha. Kaka ni Mwinyimvua, dada ni Mwanamvua. Mvua ndiyo jina. Mwinyi na Mwana ni kiti alichowekewa mwenye jina akae. Kwa Kiswahili cha leo ungesema Bwana Mvua na Bibi Mvua.

Kuna jina jingine linaloonyesha jinsi heshima inavyogeuka jina hadi watu wakasahau kwamba ilikuwa heshima: Mwanasiti. Siti ni neno la Kiarabu la kumwita bibi mwenye hadhi. Mwimbaji mkubwa wa taarabu, Siti binti Saad, hakuzaliwa na jina hilo. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa, na Siti alipewa baadaye, sauti yake ilipompandisha. Sasa Mwanasiti ni heshima juu ya heshima: bibi, tena bibi. Aliyeliunganisha hakuwa anarudia neno kwa kutojua. Alikwisha kulipokea Siti kama jina, naye akaona jina lisikae peke yake bila kutangulizwa Mwana.

Niseme jambo moja kwa ndugu zetu wa kanda ya ziwa, maana yule mama wa kwenye benchi, kwa lafudhi yake, nilimhisi ni wa huko. Wasukuma wana Ng'wana yao, na kwao maana yake kweli ni mtoto wa fulani, awe mwanamume au mwanamke. Msukuma akilisoma jina la Kilwa kwa macho ya kwao, anapata mtoto. Neno ni lile lile la Kibantu, lakini huku pwani lilipanda cheo.

Sasa kuhusu yule Mwamvua wa kadi ya kliniki. Wengi wanadhani Mwamvua ni jina jingine, na wapo wanaodhani ni Mwanamvua lililokosewa na karani. Si hivyo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema Mwana Mvua kwa haraka, mkazo wote unakwenda mbele, mwana inabaki bila nguvu, na silabi isiyo na nguvu humezwa. Mwanajuma akawa Mwajuma, Mwanatumu akawa Mwantumu, Mwanahamisi kwa watu wengi ni Mwanamisi, na Mwanamvua akawa Mwamvua. Kwa hiyo kina Mwajuma wote mnaowajua, na nina hakika kila msomaji anamjua mmoja, wana heshima ile ile ya Mwana Kupona ndani ya majina yao, ila imebaki herufi tatu tu.

Na hapo ndipo mzaha wa Mwamvuli unapopenyea. Mwamvuli ni ndugu wa kivuli. Halina uhusiano na jina hili. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kujitetea kwa sarufi mbele ya darasa. Linaniuma zaidi jina la Mwajuma, ambalo mijini limefanywa kichekesho, jina la kumtajia mwanamke wa uswahilini anayeonekana hana staha. Jina lililoanza kwa kumwita msichana bibi mwenye nyumba leo linatumika kumdharau. Nimeona wasichana wa kidato cha kwanza wakijiandika Jay mbele ya daftari ili lisisomwe.

Upande wa pili wa jina, yaani kile kinachofuata baada ya mwana, nao una mambo yake. Mara nyingi ni siku: Hamisi, Juma. Hizi ndizo siku mbili za wiki ambazo Kiswahili kilizichukua majina yake kutoka Kiarabu, na ndizo zenye uzito wa ibada, usiku wa kuamkia Ijumaa na Ijumaa yenyewe. Siku nyingine tulizihesabu wenyewe tangu Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, mpaka Jumatano, ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, maana wao wanahesabu tangu Jumapili. Wiki yetu ina siku ya tano mbili zikifuatana, na Mwanahamisi amezaliwa katika ile ya pili.

Mara nyingine ni sikukuu, kama Mwanaidi. Au ni mtu wa kuheshimiwa katika dini, kama Mwanahawa na Mwanaisha. Au ni dua: Mwanaheri. Mwanatumu linahitaji kuulizwa, kwa sababu tumu ni neno la zamani la mwezi wa Ramadhani, na Tumu pia ni kifupi cha Fatuma. Ukikutana na Mwantumu, mwulize nyumbani kwao kabla ya kumfasiria.

Mvua ni tofauti na yote hayo. Mwanamvua ni jina la Kibantu tupu, mbele na nyuma. Halina Kiarabu hata kidogo, halihitaji kalenda ya mwezi wala ya juma. Anayelitoa anatazama juu tu.

Na huku kwetu kutazama juu si jambo dogo. Dar es Salaam na Tanga wana vuli na wana masika, mvua zao huja mara mbili kwa mwaka. Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili au Mei, na baada ya hapo ni kiangazi kirefu mpaka korosho zianze kuanguka. Ikikosea msimu huo hakuna wa kuufidia. Juu kule Newala, kwenye uwanda wa Makonde, maji ya juu ya ardhi ni shida ya miaka yote. Ardhi inanywa kila tone, na kina mama wa zamani walikuwa wakishuka mteremko mrefu kwenda kutafuta maji bondeni, wakipanda nayo kichwani. Katika nyumba kama hiyo, mtoto wa kike akiitwa Mvua, ameitwa kitu kizuri kuliko vyote walivyonavyo.

Lakini mvua ya kwetu ina upande mwingine, na jina la shangazi limetoka huko. Alizaliwa Aprili 1952, mwezi ambao kimbunga kilitua Lindi na kuua watu. Wazee waliokiona walikuwa wakihesabia umri nacho: huyu kabla ya kimbunga, huyu baada yake. Vizazi vya karibuni vina vipimo vyao, kama Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilipoikata barabara ya kuja kusini pale Somanga na watu wakalala njiani. Bibi yangu alijifungua katika juma lile la mwaka 1952, ndani ya nyumba iliyopoteza nusu ya makuti yake. Angeweza kumwita mtoto Tufani, au Tabu, au Shida, kama wengi walivyofanya na wanavyofanya bado. Yeye aliuacha upepo, akachukua mvua, na mbele yake akaweka Mwana.

Kwa hiyo mzee wa kwenye benchi naye alipata sehemu. Shangazi kweli alizaliwa mvua ikinyesha. Ila jambo hilo liko kwenye neno mvua, si kwenye mwana. Na hata hilo usilichukue kama kanuni ya kumfasiria kila Mwanamvua, kwa sababu jina likishaingia katika ukoo linarithiwa. Mjukuu anachukua jina la bibi, na hapo mvua ya siku ya kuzaliwa haina kazi tena. Julai iliyopita, jua kali, vumbi tupu, mjukuu wa shangazi amejifungua mtoto wa kike Mikindani, na mtoto ameitwa Mwanamvua. Shangazi hamwiti kwa jina hilo. Anamwita somo, kama inavyompasa mtu anayeitwa jina moja naye. Na baba wa mtoto anamwita bibi, kwa sababu amebeba jina la bibi yao.

Somo, kwa njia, ni neno ambalo huku kusini lina kazi kubwa kuliko jina la pamoja. Somo pia ni yule mwanamke anayemfunda mwari unyagoni. Tunalo hata jina Somoe, lenye umbo la kina mamaye na nduguye, na ukilisikia popote nchini ni haki kumwuliza mwenye nalo kama kwao si Kilwa, Lindi au Mtwara.

Unyago wenyewe una sehemu katika habari hii. Kwa Wayao na Wamakonde wa zamani, jina la utotoni lilibaki jandoni au unyagoni. Mtu alitoka huko na jina jipya, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la utoto lilikuwa tusi la kugombana. Majina yalikuwa yakisubiriwa, basi, na pwani ilikuwa na majina ya kutoa. Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani kwenda hadi upande wa Ziwa Nyasa ilibeba nguo na chumvi, ikabeba pia dini na namna ya kuitwa. Mwari wa bara aliyetoka na jina la Mwana alikuwa amechukua jina la watu wa pwani pamoja na heshima yake. Ndiyo maana utaukuta Uswahili huu wa majina katikati ya mikorosho, mbali na bahari, kwa watu ambao bibi zao walisema Kiyao au Kimwera nyumbani. Masasi ilienda njia nyingine kwa sehemu kubwa. Wamisionari wa Kianglikana walifika pale mwaka 1876, na Wabenedikto wakaja baadaye Ndanda, hivyo huko bibi anaweza kuwa Agnes na dada yake akawa Mwanahawa, na wote wakala ming'oko, ile mizizi ya porini, sahani moja.

Leo hali ikoje? Nikiita majina darasani, Mwajuma wapo, Mwanahamisi na Mwanaidi hawakosi. Mwamvua ninaye mmoja. Mwanamvua kwa urefu wake sina hata mmoja. Wazazi vijana wanataka jina fupi, jina ambalo ustadhi ataliona zuri kwa Kiarabu, jina ambalo halikumbushi kilinge cha bibi. Siwalaumu kwa kumpenda mtoto wao. Nasema tu kwamba wengi wanaliacha Mwanamvua wakidhani ni jina la kishamba lenye maana ya mtoto wa mvua, kana kwamba aliokotwa nje. Wangejua wanamwita binti yao bibi mkubwa, pengine wangefikiri mara mbili.

Na anayelitoa aliandike. Ni neno moja, Mwanamvua, bila nafasi katikati, bila w baada ya u. Mfupisho Mwamvua ni halali, lakini uchague mmoja tangu cheti cha kuzaliwa na usiuache, kwa sababu mashine za siku hizi hazijui kwamba Mwamvua na Mwanamvua ni mtu mmoja, na huwezi kuzieleza habari za mkazo na silabi. Ukiwa dirishani usilitamke tu. Litaje herufi kwa herufi, kisha omba uonyeshwe kabla halijachapwa.

Shangazi alichelewa kufanya hivyo, na dawa yake ni kiapo. Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwa wakili, nikambebea zile karatasi nne ndani ya mfuko wa nailoni. Wakili akaandika kama wanavyoandika siku zote: kwamba Mwamvua, Mwanamvuwa, Mwana Mvua na Mwanamvua ni majina ya mtu mmoja, naye ni yeye anayeapa. Kisha akainua kichwa akauliza jina gani lisimame kuanzia leo.

"Lile refu," shangazi akasema. "Na Selemani mrudishe."